Saa ya Chakula ni ya Nani?

Karani aliyeagizwa kula mezani pake huku akingojea simu hakupumzika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, yalieleza jambo hili waziwazi. Mtu afanyaye kazi zaidi ya saa 5 mfululizo sharti apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Tajiri halazimiki kuulipia muda huo. Lakini akimtaka karani afanye kazi, au akae tayari kuifanya, atalipa. Tena hana ruhusa kumtaka hivyo ila kwa kazi isiyoachika bila mwangalizi, au asiyoiweza mtumishi mwingine. Barua za kila siku, kwa maoni yetu, hazimo.

Kwetu Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi siku 1 ya kupumzika katika kila 7, na saa za kazi ziandikwe katika mapatano. Saa ya chakula haikutajwa. Basi karani na aiulizie kabla ya kutia sahihi.