Friza ya Kulala au ya Kusimama?

Dukani Kariakoo, friza ya kusimama ndiyo inayovuta macho: droo zimepangika, kila kitu kinaonekana. Kabla hujatoa pesa, jiulize kwanza umeme wa mtaani kwenu hukatika mara ngapi.

Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto. Ukifungua mlango wa friza ya kusimama, baridi humwagika miguuni kama maji ya ndoo iliyopinduka, joto na unyevu vikaingia, na kompresa ikaanza kazi upya. Friza ya kulala hufunguliwa juu, hivyo baridi kubwa hubaki mlemle. Mfuniko wake nao hukandamiza mpira kwa uzito wake wenyewe. Mlango wa friza ya kusimama hushikwa na sumaku iliyomo ndani ya mpira. Mpira ukipinda au kuchakaa, baridi huvuja usiku na mchana, na uniti za LUKU huisha upesi.

Umeme ukikatika ndipo tofauti hiyo ya kutunza baridi inapouma. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huweza kutunza chakula kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24 hivi. Huna nyama ya kuijaza? Panga humo chupa za maji, ila usizijaze hadi mdomoni, maana maji yakiganda hutanuka. Umeme ukirudi, nyama yenye chembe za barafu bado unaweza kuigandisha tena. Samaki aliyelegea akapata joto kwa zaidi ya saa 2 mtupe, hata kama ulimnunua sokoni Feri kwa bei ya kuumiza. Usimuonje ili kujua kama kaharibika: vijidudu vinavyosababisha watu kuugua havibadilishi ladha kila mara.

Friza ya kusimama ina wateja wake halali: mwenye jiko finyu, mwenye maumivu ya mgongo, bibi asiyeweza kuinama hadi chini. Zipo pia zisizoota barafu, ambazo hutumia feni na kihita. Hizo hula umeme zaidi, na hewa yake hukausha nyama isiyofungwa vizuri. Ya kulala utaiyeyusha barafu mwenyewe. Usikwangue barafu kwa kisu kamwe: mabomba ya gesi yamepita ndani ya kuta, na friza nyingi mpya zina R600a, gesi inayowaka moto. Tena vitu vya chini husahaulika, kwa hiyo tumia vikapu na uandike tarehe kwenye kila mfuko.

Kwa familia inayonunua nyama ya mwezi mzima na kuishi na mgao wa umeme, mimi nasema chukua ya kulala. Ongeza kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme kwa dakika chache unaporudi, ili kompresa isiwake ghafla ikiwa bado na mgandamizo.

Yoyote utakayochagua, fungia karatasi mlangoni palepale dukani kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, mwombe muuzaji akupe nyingine.