Akiba Inayooza

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Mimi ni mtoto wa juzi, sina ubavu wa kubishana nao. Lakini iko akiba moja ambayo huoza hata ikifungiwa kabatini, nayo ni nakala ya akiba ya seva. Mpenzi msomaji, nipe sikio lako nikueleze.

Seva ni tarakilishi inayozihudumia tarakilishi nyingine. Ile ya maabara yetu hapa Diani mnaiona pale pembeni, haina hata kioo. Ichukulie kama karani wa ofisi. Kazi yake si kutunza faili tu, bali pia kujua nani ni nani, neno lake la siri ni lipi, na ana ruhusa ya kufungua folda gani.

Mwezi wa Mei mwaka huu, masika yalipopamba moto, stima zilipotea, zikarudi, zikapotea tena. Ziliporudi mara ya pili, seva haikuamka. Mimi ndiye kiranja wa maabara, na kila Ijumaa nilikuwa nikinakili faili za wanafunzi kwenye diski ya nje. Basi nikajigamba mbele ya wenzangu, "Msiwe na wasiwasi, kila kitu ninacho!"

Fundi alikuja kutoka Ukunda, akatia diski mpya, akapanga programu upya. Kisha akaniuliza, "Faili unazo. Na watu je?"

"Watu gani, fundi?"

Kumbe nilikuwa nimenakili mizigo nikamwacha mwenye mizigo. Orodha ya wanafunzi, maneno yao ya siri, ruhusa na mipangilio ya seva, vyote vilikwenda na diski ile. Faili zilirudi bila kufuli, kwa maana diski yangu ya nje ilipangwa kwa namna isiyohifadhi ruhusa. Kwa siku kadhaa kila mtu aliweza kufungua kazi ya mwenzake. Dada mmoja wa Kidato cha Nne aliukuta mradi wake wa mtihani umefutwa nusu. Ilimbidi aurudie. Hakunigombeza, alinitazama tu. Afadhali angenigombeza.

Je, kwa nini fundi hakuyaandika majina upya yakaisha? Jibu ni kwamba seva ya Windows haimjui mtu kwa jina. Kila anayesajiliwa hupewa namba ndefu ya utambulisho, na kufuli za faili hufuata namba ile. Ukimsajili mtu upya kwa jina lile lile, hupewa namba nyingine. Kwa seva huyo ni mgeni kabisa.

Taarifa muhimu za mfumo, basi, ni hizi: faili za kuiwasha seva, rejista ya mipangilio yake, na daftari la watumiaji, ambalo kwenye Windows huitwa Active Directory. Kampuni ya Microsoft huziita zote kwa pamoja "hali ya mfumo", na seva zake zina programu ya kuzinakili. Kwenye Linux, mipangilio mingi na orodha ya watumiaji hukaa katika folda iitwayo etc.

Sasa nifike kwenye kuoza. Kwa kawaida, nakala ya Active Directory iliyozidi siku 180 haifai tena kurejeshwa. Seva hukumbuka majina yaliyofutwa kwa muda huo tu. Nakala ya zamani zaidi ingewafufua watu walioondoka zamani. Akiba hiyo imeoza!

Isitoshe, nakala huweza kuoza ikiwa mpya. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa makosa hifadhidata ya seva kuu. Kampuni ilikuwa na njia tano za kuweka nakala. Walipozikimbilia, hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa. Kilichowaokoa ni nakala aliyoichukua mhandisi muda wa saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine. Waama, nakala ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu.

Tena mahali pa kuiweka pana maana. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya OVHcloud liliteketea huko Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja walikuwa wameweka nakala pale pale, zikaungua pamoja. Wengine watasema, "Si tuweke mtandaoni?" Ni vyema, lakini isiwe peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari karibu na Afrika Kusini, na huku Kenya intaneti ikasuasua. Ukiihitaji nakala siku kama hiyo, utasubiri kama abiria wa Likoni feri ikiharibika.

Kwa hivyo wajuzi hushauri nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali. Aidha, nakala ya mfumo ina siri za watu wote, kwa hiyo ifungwe kwa neno la siri.

Siku hizi kila Ijumaa tunanakili faili pamoja na mfumo. Kila mwezi tunajaribu kuirejesha nakala kwenye tarakilishi kuukuu. Jaribio la kwanza lilishindwa: diski ilikuwa imejaa kwa wiki mbili, na onyo lilitokea lakini sikulisoma. Nilishukuru kuligundua siku ambayo hakuna aliyekuwa akilia.

Mwakani kiranja atakuwa mwingine. Ndugu yangu, daftari la tarehe za nakala nimeliacha kwenye kabati la maabara. Usiniamini mimi wala daftari langu. Chukua diski, irejeshe, uone kwa macho yako.