Paka wanachafua maua? Usitege sumu!

Wadau, huku kwetu Pangani (ya Kibaha, siyo ile ya Tanga) paka wa mtaa wamegeuza tuta langu la maua choo. Jirani kanishauri nitege sumu. Nimekataa. Sumu haichagui, itaondoka na kuku pia, halafu ukatili kwa wanyama ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008.

Paka anafuata udongo mkavu uliolegea, maana ni rahisi kufukua na kufukia. Basi mnyime huo udongo: mwagilia maji, tandaza makumbi ya nazi au kokoto katikati ya miche, au laza wavu wa kuku juu ya tuta, maua yatapenya matunduni.

Kinyesi kizoe kila siku kwa koleo. Kinaweza kuwa na vijidudu vya toksoplazma, ambavyo huanza kuambukiza baada ya siku 1 mpaka 5. Mama mjamzito asikiguse kabisa, vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na ukitoka bustanini, nawa kwa sabuni.

Nyie wenzangu mnatumia mbinu gani?