Redio ya stesheni moja: fundi achague osileta ipi?

Ukiwa Sirari, mpakani kabisa, redio hupata stesheni za Tanzania na za Kenya. Baadhi huingia kwa nguvu, nyingine kwa mbali. Ndiyo maana mafundi wa Tarime na Mugumu wanaotengeneza redio ya stesheni moja tu, ya dukani au ya ofisi ya kijiji, hutuuliza: mbona stesheni haihami, lakini inakoroma?

Mara nyingi tatizo liko kwenye osileta, yaani saketi inayozalisha wimbi ndani ya redio yenyewe. Wimbi hilo huchanganywa na la stesheni ili kupata 10.7 MHz, masafa ambayo redio nyingi za FM huyatumia kwa ndani. Tuseme stesheni iko 90.0 MHz: osileta itakuwa 100.7 MHz.

Kutohama ni jambo moja, usafi wa wimbi ni jingine. Kristali, kile kikopo kidogo cha bati chenye miguu miwili, ikikosea sehemu 20 kwa milioni, kwenye 100.7 MHz inapotoka kilohezi 2 tu. Msikilizaji wa FM hatagundua. Lakini wimbi la osileta chafu hutikisika. Stesheni yenye nguvu iliyo jirani kwenye masafa ikichanganyika na mtikisiko huo, humwaga kelele juu ya ile dhaifu. Kuongeza antena pekee hakusaidii, kwa sababu zote mbili zitaongezeka.

Tunashauri mambo matatu:

1. Tumia kristali badala ya koili na kapasita. Huhitaji kuzungusha masafa, na wimbi lake ni safi zaidi.

2. Usizidishe masafa mara nyingi. Kristali ya 33.567 MHz ikizidishwa mara 3 hukufikisha pale pale. Kelele huongezeka kwa desibeli 9.5 hivi. Ya 10.07 MHz ikizidishwa mara 10, huongezeka kwa desibeli 20.

3. Osileta ipate umeme safi. Weka regyuleta yake peke yake, na kapasita karibu nayo.

Kabla ya kununua chochote, chomoa chaja ya sola, washa redio kwa betri tu. Mkoromo ukiisha, osileta haina kosa. Shughulikia umeme kwanza. Ukibaki, basi rudi kwenye kristali.