Simu Yako ya Zamani Ina Bei Gani? Anza na Kile Mnunuzi Anachoogopa

Pita Luthuli Avenue, Nairobi, ukiwa umeshika simu mkononi na hutafika mbali kabla ya kuulizwa kama unauza. Broka ataichukua, ataigeuza, atapapasa kioo kwa kidole gumba, kisha atakutajia bei itakayokufanya ujiulize kama mnaongelea simu moja. Wewe unakumbuka uliinunua elfu ishirini na tano. Yeye anasema elfu saba.

Wengi wetu huchukulia hiyo elfu saba kama matusi. Kumbe ni hesabu, na ukijua inavyopigwa unaweza kuisogeza.

Iko hivi. Broka hajui kama simu ni yako. Hajui kama iliwahi kutumbukia kwenye ndoo ya maji, kama kioo kilibadilishwa na fundi wa mtaani, kama bado una deni la mkopo wa hiyo simu, au kama kesho itamwomba neno la siri la mtu mwingine. Kila asichokijua anakikata kwenye bei, maana hasara ikija itakuwa yake. Kwa hivyo bei ya simu iliyotumika ni bei ya simu yenyewe ukitoa wasiwasi wa mnunuzi. Simu huwezi kuifanya mpya tena, lakini wasiwasi unaweza kuupunguza, na karibu kila njia ya kuupunguza ni ya bure.

Wasiwasi huo una historia. Mwishoni mwa Septemba 2012 simu bandia zilizimwa kwenye mitandao ya Kenya kwa agizo la serikali. Mtu alikuwa na simu inayopiga na kupokea vizuri tu, na baada ya hapo akabaki na kitu cha kuchezea watoto. Ndipo wengi wetu tulipozoea kubonyeza *#06# ili kuona nambari ya IMEI, ile ya tarakimu 15 ambayo kila simu huwa nayo. Simu ya laini mbili huonyesha mbili. Hadi leo ndiyo kitu cha kwanza mnunuzi mwerevu anachoangalia: nambari iliyo kwenye skrini ilingane na ile iliyo kwenye boksi na kwenye risiti. Zisipolingana, hakuna haja ya kuendelea na mazungumzo.

Vitu vinavyobeba bei

Boksi na risiti. Najua, boksi linajaza nafasi kabatini na risiti za dukani hufifia mpaka zikawa karatasi nyeupe. Piga picha ya risiti siku ile ile unanunua na ujitumie kwa barua pepe. Ukilipa kwa simu kupitia till ya duka, ule ujumbe wa malipo nao ni ushahidi: una tarehe, kiasi na jina la biashara. Usiufute. Muuzaji anayeweza kusema "nilinunua duka fulani, siku fulani, huu hapa ujumbe" hafanani kabisa na anayesema "simu ni yangu, niamini tu."

Betri. Ukienda kuuza iPhone, swali la kwanza ni "betri iko asilimia ngapi?" Jibu liko kwenye mipangilio, upande wa betri, na mnunuzi ataliangalia mwenyewe. Apple wenyewe husema betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500, na kuanzia iPhone 15 mara 1000. Chini ya 80 mnunuzi anaanza kuhesabu gharama ya betri mpya, na ataikata kwako. Lakini usikimbilie kubadilisha betri ili uuze. iPhone za miaka ya karibuni huonyesha kwenye mipangilio kama betri au kioo kilibadilishwa na kama kipuri ni halisi, na betri ya bei rahisi inaweza kukushusha zaidi ya ile iliyochoka.

Kitu kingine ambacho wengi hawakihesabu ni muda ambao simu itaendelea kupokea masasisho ya programu. Google walipotoa Pixel 8 mwaka 2023 waliahidi miaka saba ya masasisho, na Samsung wakafanya hivyo kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Maana yake, anayenunua S24 iliyotumika leo bado ana miaka mbele yake. Simu ambayo kampuni imeshaiacha inaweza kuonekana safi kama yai, lakini programu zitaanza kuikataa moja baada ya nyingine, zikiwemo za benki. Kama unanunua simu mpya na unajua utaiuza baada ya miaka miwili, uliza swali hili kabla ya kuuliza kamera ni megapikseli ngapi.

Mikwaruzo? Ndiyo, inashusha bei, lakini si kama unavyodhani. Kava ya shilingi mia tatu inatosha.

Halafu kuna wakati. Apple hutoa simu mpya mwezi wa tisa na Samsung hutoa S mpya mwanzoni mwa mwaka, na modeli za nyuma hushuka bei baada ya hapo. Januari nayo ni mwezi mbaya wa kuuza chochote. Kila mtu anatafuta karo, kila mtu anauza, na broka anajua. Simu iliyolala kwenye droo ukisubiri bei ipande haipandi. Inazeeka tu.

Kubadilisha kwa kuongeza pesa

Maduka mengi sasa yanakubali ulete simu ya zamani, uongeze pesa, uondoke na mpya. Ni rahisi na ni salama kuliko kukutana na mtu usiyemjua kando ya barabara. Lakini kuna mtego mmoja mdogo: usilinganishe bei wanayokupa kwa simu ya zamani. Linganisha pesa unayoongeza.

Tuseme duka la kwanza linakupa 12,000 kwa simu yako na linauza ile mpya 38,000. Duka la pili linakupa 9,000 tu, lakini simu ile ile mpya wanaiuza 34,000. La kwanza limekufurahisha, lakini utaongeza 26,000. La pili umetoka umenuna, na umeongeza 25,000. Uliza pia kama simu mpya ina waranti sawa kwa maduka yote mawili, na kama hiyo mpya ni mpya kweli au ni "ex-UK" iliyosafishwa. Ex-UK si dhambi, mradi uambiwe na bei iseme hivyo.

Kwa mtu binafsi kwa kawaida utapata zaidi ya unavyopata dukani, kwa sababu hakuna wa katikati anayehitaji faida. Lakini pia hakuna wa katikati wa kumlaumu mambo yakiharibika.

Simu yenye deni

Hapa ndipo tunaona watu wakilia kwelikweli, wanunuzi na wauzaji.

Tangu mipango ya kulipia simu kidogo kidogo ianze kushika, kama Lipa Mdogo Mdogo ya Safaricom na Google iliyoanza mwaka 2020 kwa shilingi 20 kwa siku, mamilioni ya shilingi yanatembea mitaani ndani ya simu ambazo bado hazijamalizwa kulipiwa. Simu hizo zina kufuli la programu. Malipo yakikoma, inajifunga. Kuifomati hakuondoi kufuli hilo, hata fundi akikuapia kwa jina la mama yake.

Mkora anafanyaje? Anachukua simu kwa mkopo, analipa siku chache, anaiuza kwa bei tamu huku bado inafanya kazi, halafu anaacha kulipa. Wewe uliyenunua unaamka siku moja unakuta ujumbe kwenye skrini unaokuambia ulipe deni la mtu. Umelipa simu mara moja na sasa unatakiwa kuilipia tena, au ukae nayo kama pambo.

Kwa hivyo ukinunua, muulize muuzaji waziwazi kama simu ilichukuliwa kwa mkopo. Kama ndiyo, aonyeshe ujumbe wa kumaliza malipo, kisha mpigie huduma kwa wateja ya kampuni iliyokopesha, mkiwa wote wawili, kwa nambari unayoitafuta wewe mwenyewe, si ile anayokupa yeye.

Na kama wewe ndiye unauza na deni bado liko, kwa kawaida mkataba haukuruhusu kuuza kabla hujamaliza. Simu bado si yako kabisa. Ongea na waliokukopesha kwanza. Wakikubali, njia safi ni hii: mmeelewana 9,000 na deni ni 3,200. Mnunuzi analipa 3,200 moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, mnasubiri kufuli liondolewe, kisha anakutumia wewe 5,800. Ni mzunguko, ndiyo, lakini kila mtu analala usingizi.

Kuhusu simu za wizi nitasema kidogo tu. Kifungu cha 322 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu kinasema anayepokea mali ya wizi huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Simu ya elfu arobaini inayouzwa elfu nane usiku kwenye stendi, bila chaja, na muuzaji hajui nambari ya kuifungua, hiyo ndiyo sababu ya kuamini.

Pesa inapobadilisha mkono

Kutaneni mahali penye watu: ndani ya duka, benki, au kwa wakala. Mnunuzi aweke laini yake kwenye simu, apige, apigiwe, achaji dakika kadhaa, afungue kamera. Hii inachukua kama robo saa, na anayekuharakisha robo saa ana sababu zake.

Kisha malipo. Muuzaji, ujumbe wa "umepokea" unaweza kutengenezwa na mtu yeyote mwenye simu na nia mbaya. Usiangalie skrini ya mnunuzi anayekuonyesha kwamba "imetoka." Usitegemee hata ujumbe ulioingia kwenye simu yako. Fungua menyu, weka PIN yako, angalia salio. Kama salio halijabadilika, simu haiondoki mkononi mwako, hata akisema mtandao uko chini. Mtandao ukiwa chini mtasubiri wote wawili, mnywe soda.

Mnunuzi, kabla ya kukubali kutuma, soma jina linalotokea. Je, ndilo jina la huyu aliye mbele yako? "Tuma kwa nambari ya binamu yangu" si jibu zuri. Kukiwa na shida baadaye, utakuwa umemlipa binamu, na binamu hakukuuzia simu. Dukani lipa kwenye till ya duka, usikubali nambari ya mhudumu.

Elewaneni mapema nani analipa ya kutoa. Inaonekana jambo dogo, lakini nimeona biashara nzuri ikivunjika kwa sababu ya hiyo tu.

Mkimaliza, tumianeni ujumbe mmoja mfupi: "Nimekuuzia simu fulani, IMEI hii, leo tarehe fulani, kwa shilingi kadhaa." Mwenzako ajibu "sawa." Mnunuzi akija kudai alituma pesa kimakosa na kuomba muamala urejeshwe, muuzaji ana la kuonyesha. Polisi wakiuliza simu imetoka wapi, mnunuzi naye ana la kuonyesha.

Usiuze simu ukiwa bado ndani yake

Pesa yako ya simu iko kwenye laini, haiko kwenye kifaa. Toa laini na umekwenda na pesa yako. Kama unatumia eSIM, ile laini isiyo na kadi, ihamishie simu mpya kwanza kabla ya kufuta chochote.

Lakini vingine vyote vimebaki: meseji za miamala zenye majina na salio, picha ya kitambulisho uliyomtumia mwenye nyumba, na PIN uliyoificha kwenye majina ya simu ukaiita "Shangazi Nakuru." Wakora wanajua shangazi zetu wote. Kama ulifanya hivyo, badilisha PIN leo, hata kama huuzi.

Mpangilio ni huu: hifadhi picha na mazungumzo yako, ondoa akaunti ya Google, toa nambari ya kufungua skrini, ndipo ufomati. Kwa iPhone, zima Find My na utoke kwenye iCloud kabla ya kufuta. Kisha iwashe mbele ya mnunuzi mpaka ifike ukurasa wa kukaribisha mtu mpya bila kuuliza akaunti ya zamani. Ukurasa huo peke yake unaweza kukuongezea bei, kwa sababu mnunuzi ameona kwa macho yake. Ukisahau na mnunuzi akakupigia kuomba neno lako la siri, usimpe. Ingia iCloud.com kwenye simu nyingine uiondoe wewe mwenyewe.

Kuna simu ambazo hata broka hazitaki. Kioo kimepasuka, betri imevimba, haiwaki. Hizo hununuliwa kama vipuri. Fundi anaweza kukupa mia chache kwa kamera au spika. Kama inawaka hata kidogo, ifute kwanza. Kama haiwaki kabisa na ilikuwa na mambo yako nyeti, ingia kwenye akaunti yako ukitumia kifaa kingine na uiondoe kwenye orodha ya vifaa vyako kabla ya kumwachia. Na betri iliyovimba usiitobe wala usiitupe kwenye takataka za nyumbani, inaweza kushika moto. Ipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.