Farasi Mmoja Shilingi Ngapi? Kuiongezea Vitz Nguvu

Toyota Vitz ya lita moja, ile ya kizazi cha pili kilichoanza kuuzwa 2005, hutoka kiwandani na nguvu farasi 71. Hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu yake, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, na injini isiyo na tabo (turbo) hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Mwenye Vitz wa Nairobi basi ana farasi 60. Akiwapakia watu wanne na mizigo, apande kutoka Mai Mahiu kwenda Rironi, kila lori litampigia honi.

Ndipo huanza maswali kwa fundi, na fundi hakosi cha kuuza. Njia ya kujilinda ni kuchukua gharama yote, kazi na vipuri, na kuigawanya kwa idadi ya farasi watakaoongezeka. Bei nitakazotumia hapa ni za mfano. Weka za fundi wako.

Anza na farasi uliowapoteza. Plagi zilizochoka, filta ya hewa iliyojaa vumbi, throto yenye masizi na injekta chafu huweza kula farasi kadhaa bila taa yoyote kuwaka. Ukilipa shilingi 12,000 ukarudishiwa watano, kila mmoja amekugharimu 2,400. Hakuna farasi wa bei nafuu kuliko huyo, na ajabu ni kwamba ndiye anayeachwa mwisho, kwa sababu huduma ya kawaida haina sauti ya kujivunia.

Sauti iko kwenye ekzosi. Bomba pana na silensa kubwa kwa injini ndogo kama hii huongeza farasi watatu, labda wanne. Kwa shilingi 35,000, hata wakiwa wanne, huyo ni farasi wa karibu 9,000, na majirani wanamchukia. Filta ya michezo huleta mmoja au wawili. Vidude vya kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, vile vinavyouzwa kama dawa ya nguvu na mafuta pamoja, vingi huwasha taa tu na havifanyi jingine.

Hesabu hubadilika ukifika kwenye kubadili injini yenyewe. Injini ya 1NZ-FE, ya lita 1.5 na farasi 109, ndiyo iliyomo kwenye Probox, IST na Fielder nyingi, kwa hiyo mitumba yake kutoka Japani na vipuri vyake havisumbui kupatikana. Tena Toyota yenyewe iliiweka kwenye Vitz RS ya kizazi hichohicho, kwa hiyo nafasi chini ya boneti ipo. Jijini Nairobi itatoa farasi 92 hivi, nyongeza ya 32. Kosa la wengi ni kuuliza bei ya injini peke yake. Injini inataka gia boksi yake, kompyuta yake, nyaya zake, maunti, shafti na rejeta, kisha breki zinazolingana na mwendo mpya. Jumla ikifika shilingi 150,000, farasi mmoja ni kama 4,700: nusu ya bei ya yule wa ekzosi, na huyu utamhisi mlimani. Nunua vyote kutoka gari moja lililokatwa, sio kimoja kimoja dukani. Foleni za mjini zitakudai mafuta zaidi, hilo lipangie.

Tabo inavutia hasa kwa watu wa nyanda za juu, kwa kuwa huibana ile hewa nyepesi kabla haijaingia kwenye silinda. Toyota Starlet Glanza ilipata farasi 135 kwa injini ya sentimita za ujazo 1,331. Lakini injini hiyo ilizaliwa na tabo: mgandamizo wake ni 8.2 kwa 1, ilhali wa 1NZ-FE ni 10.5. Ukiifungia tabo 1NZ bila kurekebisha mafuta na muda wa cheche, itagonga hadi pistoni ziharibike. Kuifunga ipasavyo kunagharimu zaidi kuliko injini, na kwa gari la kwenda kazini sioni sababu.

Kuna njia ambayo fundi hatakutajia, kwani haina ujira wake: iuze Vitz, ongeza pesa, ununue yenye 1.5 tayari. Ikiwa tofauti inakaribia hiyo 150,000, mimi ningechukua njia hii. Breki zinakuja na gari, na hakuna nyaya zilizofungwa kwa utepe. Kubadili injini kunafaa pale bodi ni nzuri na injini ya sasa imeshakufa, maana pesa za injini ungetoa hata hivyo.

Ukibadili, namba ya injini kwenye logibuku haitakuwa ya gari tena. NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, hutaka gari likaguliwe na rekodi irekebishwe, na bima isiyojulishwa ina sababu ya kukataa kulipa siku ya ajali. Dai stakabadhi za uagizaji za injini kabla ya kutoa shilingi ya kwanza. Muuzaji asiye nazo, nenda duka linalofuata.