Metali za sehemu za saa

Metali za sehemu za saa ni metali na aloi zinazotumika kutengeneza mtambo wa saa ya kamani, hasa saa ya mkono. Sehemu nyingi za mtambo huo hukerezwa kwa mashine, na hakuna metali moja inayofaa kwa zote: ile iliyo rahisi kukereza kwa kawaida ni laini mno kwa ekseli, na ile inayodumu humaliza haraka makali ya vifaa vya kukatia.

Bamba linaloshikilia mtambo pamoja na magurudumu mengi hutengenezwa kwa shaba njano, yaani aloi ya shaba na zinki. Mara nyingi huongezwa risasi, takriban asilimia 2 hadi 3. Risasi hubaki ndani ya aloi kama chembe ndogo, hivyo metali inayokatwa huvunjika vipande vifupi badala ya kujiviringisha kwenye kifaa.

Ekseli na gia ndogo huzunguka mara nyingi zaidi, na ncha za ekseli huweza kuwa nyembamba kuliko milimita 0.1. Hapo hutumika feleji yenye kaboni karibu asilimia 1. Hukerezwa ingali laini, kisha hupashwa moto, hupozwa ghafla na kupashwa tena kidogo ili isivunjike kwa urahisi. Feleji isiyoshika kutu ya aina ya 316L ni nzuri kwa kasha la saa, lakini haigumishwi kwa njia hiyo. Jambo la kushangaza ni kwamba vumbi likiingia kati ya meno, mara nyingi feleji ndiyo inayolika, ingawa ni ngumu zaidi: chembe za vumbi hukwama katika shaba njano laini na kuisugua feleji kama msasa.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa joto. Mwaka 1773 fundi Ferdinand Berthoud alieleza kwamba joto likipanda kwa nyuzi 33 za selsiasi, saa yenye springi ya feleji huchelewa sekunde 393 kwa siku. 312 kati ya hizo hutokana na springi kupungukiwa na unyumbufu. Mwanafizikia Mswisi Charles Édouard Guillaume alipata dawa yake katika aloi za chuma na nikeli. Invar, ya mwaka 1896, haitanuki sana kwa joto. Elinvar iliyofuata hudumisha unyumbufu wake. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1920.

Gurudumu linaloyumba pamoja na springi hiyo siku hizi mara nyingi hutengenezwa kwa aloi ya shaba na berili, ambayo ni ngumu na haivutwi na sumaku. Hata hivyo, vumbi la berili huweza kusababisha ugonjwa sugu wa mapafu kwa mafundi wanaoikata.